Timu Iliyoporomoka Yaweza Kurudi Kileleni? Tupige Hesabu

Tarehe 7 Novemba 2024 timu ya Tabora United ilikwenda Chamazi, Dar es Salaam, ikaifunga Yanga mabao 3 kwa 1. Yanga ilikuwa bingwa mtetezi, tena bingwa wa misimu mitatu mfululizo. Usiku ule mdogo wangu, mkulima wa Lusu wilayani Nzega, alinipigia simu. Hata salamu hakutoa. “Kaka,” alisema, “Tabora imerudi!”

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na kazi hii humharibia mtu furaha nyingi. Badala ya kushangilia pamoja naye nilimwuliza imerudi kutoka wapi, na inakwenda wapi. Alikata simu. Swali lenyewe lakini lilibaki nami, na ndilo ninalotaka tulichunguze, ndugu msomaji, kwa kutumia hesabu ambazo mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuzifuata akiwa na kalamu na karatasi: timu iliyoporomoka ikishinda mchezo mmoja mkubwa, je, hiyo ni dalili ya kurejea kwa enzi yake?

Maana mbili za kurudi

Watu wa rika langu katika wilaya ya Nzega tulilijua jina la Mirambo kwa njia mbili. Darasani tulifundishwa habari za Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884. Redioni tuliisikia Milambo, timu ya mji wa Tabora, iliyocheza katika ngazi ya juu ya ligi yetu miaka ya 1990. Baadaye Milambo ilishuka, na jina lake likatoweka redioni. Rhino Rangers, nayo ya Tabora, ilipanda kwa msimu wa 2013/14 na kushuka msimu huo huo. Mwaka 2023 ikapanda Kitayosce, timu yenye asili ya Kilimanjaro iliyokuwa imehamia Tabora. Hiyo ilianza kwa aibu: katika mchezo wake wa kwanza wa Ligi Kuu, dhidi ya Azam, iliingia uwanjani na wachezaji 8 tu. Ilikwisha kufungwa mabao 4 bila majibu pale wachezaji wake walipopungua chini ya 7, na kwa mujibu wa sheria mwamuzi akauvunja mchezo. Timu hiyo ndiyo iliyopewa jina la Tabora United, na ndiyo iliyoitikisa Yanga miezi 15 baadaye.

Kwa hiyo hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo mashabiki huyachanganya. Kuna kurudi ngazini, na kuna kurudi kileleni. Kurudi ngazini hutokea. Pamba ya Mwanza ilishuka daraja mwaka 2001, ikarejea mwaka 2024 ikiitwa Pamba Jiji, baada ya miaka 23. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, bingwa wa mwaka 1999 na 2000, ilishuka mwaka 2024 na kupanda tena mwaka 2025.

Kurudi kileleni ni habari nyingine kabisa. Zamani kilele chetu kilipata wageni mara kwa mara: Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Pan African mwaka 1982, Tukuyu Stars mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988. Lakini tangu Mtibwa ilipoutwaa ubingwa wake wa pili hadi mwisho wa msimu wa 2024/25, ni mara moja tu ubingwa ulipotoka katika mikono ya Simba na Yanga, nayo ni mwaka 2014 ulipokwenda Azam. Katika muda huo wote hakuna hata mmoja wa mabingwa hao wa zamani aliyerudi kukaa mahali pake. Hata Ulaya hali si tofauti sana. Nottingham Forest ya Uingereza, bingwa wa Ulaya mwaka 1979 na 1980, ilianguka hadi daraja la tatu mwaka 2005, ikarejea Ligi Kuu mwaka 2022. Ngazini imerudi, ubingwa wa Uingereza ilioupata mwaka 1978 haijaupata tena.

Mchezo mmoja na michezo 30

Tuutazame sasa ule ushindi wa Chamazi. Katika msimu wa 2024/25 Yanga ilicheza michezo 30 ya ligi: ilishinda 27, ikatoka sare 1, ikafungwa 2. Ilipata pointi 82 na ubingwa. Simba, yenye pointi 78, ilifungwa michezo 2 tu, na yote miwili ilifungwa na Yanga. Tuseme basi kwamba uwezekano wa timu yoyote kuifunga Yanga katika mchezo mmoja ulikuwa 2/30, yaani 1/15. (Najua Azam na timu ya mkiani hazilingani. Tunarahisisha kwanza, kama afanyavyo mwanafizikia anapousahau ukinzani wa hewa.)

Kila timu hukutana na Yanga mara mbili. Uwezekano wa timu moja maalumu, mathalani Tabora United, kukosa ushindi katika michezo yote miwili ni 14/15 × 14/15, ambao ni karibu 0.87. Kwa hiyo uwezekano wa kushinda walau mara moja ni 0.13, au asilimia 13. Ni mdogo. Ndiyo maana mdogo wangu alisahau kunisalimu.

Geuza swali. Nini uwezekano kwamba kutakuwa na timu fulani, yoyote ile, itakayoifunga Yanga katika michezo hiyo 30? Hapa tunazidisha 14/15 kwa yenyewe mara 30, tunapata karibu 0.13, kisha tunaondoa katika 1. Jibu ni asilimia 87. Yaani tukio lililomshangaza mkulima wa Lusu halikuwa na ajabu machoni pa ligi. Lilikuwa jambo la kutazamiwa. Kilichokuwa hakijulikani ni jina la timu tu. Kila msimu kuna mji fulani ambao watu wake watapigiana simu usiku.

Sasa linganisha na kazi ya kutwaa ubingwa. Chukua timu ya wastani, ambayo kila mchezo kwake ni kama kurusha sarafu: nusu kushinda, nusu kufungwa. Ili ifikie pointi 78, yaani ilingane tu na mshindi wa pili wa msimu ule, yahitaji kushinda michezo 26 kati ya 30. Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi jinsi ya kuhesabu njia za kupata michezo 26, 27, 28, 29 au 30. Jumla yake ni njia 31,931 kati ya njia zote 1,073,741,824. Hiyo ni mara moja katika misimu 33,000 na zaidi. Timu hiyo hiyo ikicheza mashindano mafupi ya michezo 10, uwezekano wa kushinda 8 au zaidi ni 56/1,024, mara moja katika 18. Michezo ikiwa michache bahati ina nafasi ya kufanya kazi. Ikiwa mingi, bahati nzuri na bahati mbaya hufutana na uwezo wa kweli hujitokeza. Walimu wa michezo wanaoshangaa kwa nini shule ndogo hutwaa kombe la wilaya mwaka mmoja na mwaka unaofuata haionekani, sababu mojawapo ni hiyo.

Kosa la kumfukuza mwalimu

Baada ya kufungwa na Azam na kisha Tabora United katika muda wa siku chache, Yanga ilimwachisha kazi mwalimu wake, Miguel Gamondi. Kabla ya hapo alikuwa ameshinda michezo yote 8 ya mwanzo wa ligi. Katika michezo 20 iliyobaki Yanga ilishinda 19 na kutoka sare 1. Shabiki husema: unaona? Alipoondoka, timu ikapona.

Tusiharakishe. Kwa msimu mzima Yanga ilishinda 27 kati ya 30, yaani asilimia 90. Timu yenye uwezo huo, ikipewa michezo 20, tunatazamia ishinde 18. Ilishinda 19. Tofauti ni mchezo mmoja! Sisemi kwamba mabadiliko ya mwalimu hayakuwa na faida. Nasema tu kwamba hesabu hii haiwezi kuiona. Matokeo ya mchezo wowote ni uwezo pamoja na bahati. Timu inayofukuza mwalimu hufanya hivyo aghalabu wakati bahati yake iko chini kabisa, na bahati iliyo chini kabisa haina pa kwenda ila juu. Mwalimu mpya huikuta tayari inapanda, akasifiwa. Mganga anayeitwa siku ambayo homa imefika kilele chake husifiwa vivyo hivyo.

Nililiona jambo hili kwa macho nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamivu katika jimbo la Nebraska, Marekani. Kule chuo kikuu kina timu ya kandanda ya Kimarekani (mchezo unaochezwa kwa mikono kuliko miguu, lakini jina lake ndilo hilo), na siku ya mchezo uwanja wake hugeuka kuwa kama mji wa tatu kwa wingi wa watu katika jimbo zima. Timu hiyo ilikuwa bingwa wa taifa mwaka 1994, 1995 na 1997. Baada ya hapo ikapungua nguvu, na watu wakawa na kiu ya kurudishiwa enzi yao. Kuanzia mwaka 2008 walikuwa na mwalimu aliyeshinda michezo 9 au 10 kila msimu kwa misimu 7. Hawakuridhika, kwa kuwa 9 si ubingwa. Mwaka 2014 wakamwondoa. Kuanzia 2017 hadi 2023 timu ile haikupata hata msimu mmoja ambao michezo iliyoshinda ilizidi iliyoshindwa. Jimbo lote wakati huo lilikuwa na watu wasiofika milioni 2. Vijana wengi wenye vipaji iliwalazimu kuwavuta kutoka mbali, Texas na California, na maelezo mojawapo ya anguko lao ni kwamba siku hizi timu zote huonekana katika televisheni, hivyo kijana wa Texas haoni sababu ya kwenda kwenye baridi ya Nebraska ili aonekane. Enzi ile ilitegemea chanzo fulani. Chanzo kikakauka, na wao wakawa wanabadilisha watu wa kuteka maji.

Jaribio la chungu

Kwa nini kilele kikishapata mwenyewe hakitoki? Ninawaomba wanafunzi wafanye jaribio hili darasani. Tia katika chungu punje 1 ya hindi na punje 1 ya haragwe. Fumba macho, chukua punje moja. Irudishe, na uongeze punje nyingine ya aina ile ile. Rudia. Hindi ni timu moja, haragwe ni timu nyingine, na kuchukuliwa ni kushinda: anayeshinda huongezewa, na akiongezewa huwa rahisi zaidi kushinda tena.

Ukirudia mara 98 utakuwa na punje 100. Watu wengi hutabiri kwamba zitakuwa karibu 50 kwa 50, maana mwanzo zilikuwa sawa. Sivyo. Idadi ya mahindi yaweza kuwa yoyote kuanzia 1 hadi 99, na kila idadi ina uwezekano ule ule. Chungu kimoja kitaishia na mahindi 90, cha jirani yake na mahindi 12, ingawa vyote vilianza sawasawa. Jambo la pili ni la ajabu zaidi: baada ya kuchukua mara nyingi, chungu hutulia. Chenye mahindi 90 na maharage 10, haragwe likichukuliwa, huwa na maharage 11 kati ya 101. Sehemu ya maharage imepanda kutoka asilimia 10 hadi asilimia 10.9. Lakini mwanzoni kabisa, chungu kilipokuwa na punje 2, haragwe moja lingepandisha sehemu hiyo kutoka asilimia 50 hadi karibu 67. Haragwe ni lile lile. Chungu ndicho kilichojaa.

Yanga ilitwaa ubingwa mara tano mfululizo kuanzia 1968 hadi 1972. Simba mara tano kuanzia 1976 hadi 1980. Hizo zilikuwa punje za mwanzo, zilizotiwa wakati chungu kilikuwa kitupu, na katika mji wenye watu wengi kuliko miji mingine. Ushindi ulileta mashabiki, mashabiki wakaleta fedha, fedha zikaleta wachezaji, wachezaji wakaleta ushindi. Ushindi wa Tukuyu Stars mwaka 1986, iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ulikuwa haragwe moja zuri sana. Mwaka uliofuata ubingwa ulikwenda Yanga.

Na ule wa Chamazi? Kati ya mabao 3 ya Tabora United, 2 yalifungwa na Offen Chikola. Timu hizo zilipokutana tena, Tabora, mwezi Aprili 2025, Yanga ilishinda 3 kwa bila. Na baada ya msimu kwisha Yanga ilimsajili Chikola. Mshale uliomchoma mwindwa ukawa mali ya mwindwa. Tabora United yenyewe kwa msimu wa 2025/26 ilibadilishwa jina, ikawa TRA United.

Hongo

Mtu aweza kusema: dawa ni tajiri. Apatikane mwenye fedha, amwage mahindi chunguni kwa debe. Azam ilifanya hivyo na ikafika. Sikatai. Lakini mimi nimekulia Lusu. Mwaka 1999 palifunguliwa kwetu mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, wa kwanza wa aina yake nchini katika zama hizi, na miaka kama 15 baadaye ukafungwa, dhahabu ilipokwisha kuchimbwa. Tulipata kujua jinsi mji unavyokuwa wakati chanzo cha mapato ni kimoja na kina mwisho, nami huwa ninawaangalia matajiri wa timu kwa jicho hilo. Mtibwa ilitegemea kiwanda, na ikadumu muda mrefu kuliko wengi, lakini kileleni haikudumu.

Njia ya pili ni kubadilisha kanuni ya chungu. Kanuni ya jaribio letu ni kwamba aliyeshinda huongezewa yeye peke yake. Ikiwa kanuni itasema kwamba kila haragwe linapogeuzwa hindi, chungu cha maharage kipate fidia, matokeo hubadilika. Watu wa Tabora hawahitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kutoka Ujiji na nchi za magharibi ilipitia Unyanyembe kwenda Bagamoyo. Mali haikuwa ya watemi walioko njiani, lakini ilipita kwao, na kila msafara ulitoa hongo, ambayo siku hizo ilikuwa ushuru wa njia wala si rushwa. Mirambo alipopigana na wafanyabiashara wa Tabora kuanzia mwaka 1871, moja ya mambo yaliyogombewa ni nani mwenye haki ya kutoza njia hiyo.

Mpira wa leo nao una hongo ya namna hiyo, nayo imeandikwa. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Miaka minne ya kwanza, 12 hadi 15, kila mmoja hupewa asilimia 0.25 ya bei. Miaka minane inayofuata, asilimia 0.5 kila mmoja. Hakikisha mwenyewe kwamba jumla yake ni 5. Klabu ya kijijini iliyomlea mtoto miaka ile minne ya kwanza, mtoto huyo akauzwa kwa dola 1,000,000, inastahili dola 10,000. Tena hulipwa kila anapouzwa kwa namna hiyo, si mara moja tu.

Je, hizo zatosha kuirudisha Milambo, au kuifikisha timu ya Tabora mahali ambapo hakuna timu ya Tabora iliyopata kufika? Kwa mwaka mmoja, hapana. Kwa miaka 20, chungu chenye kanuni hiyo ni chungu tofauti, na hapo ndipo jibu langu lilipo: mabadiliko ya mwalimu na ushindi wa usiku mmoja sivihesabu kuwa dalili, nahesabu idadi ya watoto wa miaka 12 walioandikishwa. Maana fedha hizo hulipwa kwa klabu iliyosajiliwa na chama cha mpira, yenye maandishi ya kuthibitisha kwamba mtoto alikuwa kwake. Klabu isiyo na maandishi hupitwa na msafara usiku, imelala.

Mwezi uliopita nilikuwa Lusu. Mdogo wangu, ambaye amekwisha kunisamehe ile simu, alinipeleka kwa mwalimu wa shule ya msingi anayefundisha timu ya watoto jioni. Walikuwa watoto wapatao 40, mipira miwili, na goli moja lenye nyavu. Nilimweleza habari ya asilimia 0.25. Hakuuliza habari za dola. Aliuliza daftari liwe na safu ngapi. Nilimwambia safu nne za kuanzia: jina, tarehe ya kuzaliwa, siku aliyojiunga, siku aliyoondoka. Alitafakari kidogo, akasema atapiga mstari wa safu ya tano, ya cheti cha kuzaliwa, kwa sababu nusu ya wale watoto hawana.